Alale au Abaki Macho

Juzi alikuja hapa kwangu Mandewa binti wa chuo cha uuguzi, mjukuu wa jirani. Baada ya shikamoo akaketi kwenye ngazi, akaniuliza swali la mtihani. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akifanyiwa mionzi ya ndani, apewe dawa ya usingizi au abaki macho? Kalamu ilikuwa mkononi, anasubiri jibu la mstari mmoja. Nikamwambia weka kalamu, kanichotee maji kwanza, halafu urudi tuongee. Alirudi, tukaongea mpaka mama yake akaja kumwita, na hakuandika kitu. Sasa naandika mimi, kwa ajili yake na ninyi wenzake mnaodhani kazi hii ni kujua vipimo vya dawa.

Jibu la mtihani ni kwamba inategemea. Andikeni hivyo, alama mtapata. Mimi nataka kuwaambia inategemea nini, maana hilo hawawafundishi, na mimi nilijifunza kwa bei ambayo sikuilipa mimi, aliilipa mtu mwingine.

Kwa asiyejua, mionzi ya ndani siyo ile ya kulala chini ya mashine kubwa ukatoka umejifunga kanga yako kama ulivyoingia. Hii mwanamke analazwa chali, miguu inapandishwa, daktari anaingiza vyuma vyembamba ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi. Vinabanwa kwa vitambaa vya shashi visicheze, kisha vinaunganishwa kwa mirija na mashine inayopeleka mionzi ndani. Na mashine ikianza, hakuna mtu anayebaki chumbani naye. Tunatoka wote, mlango mzito unafungwa, tunamwangalia kwenye skrini na kuongea naye kwa kipaza sauti. Zamani, nilipoanza, walikuwa wanalala na vyuma hivyo mchana na usiku, chakula tunakisukuma kwa mbali na kukimbia kama mtu anayelisha mbwa mkali. Sasa ni dakika. Lakini dakika hizo msiniulize mimi, muulizeni aliyelala pale. Tena harudi nyumbani ikawa basi. Anakuja wiki inayofuata, na nyingine tena, na akikatisha katikati ni sawa na kupalilia nusu ya shamba. Magugu yatarudi yote.

Mimi ni Mnyaturu wa Ihanja, lakini kazi yangu yote niliifanya katika hospitali kubwa mbali na huku, kwenye chumba hicho. Aliyenifundisha ni Sista Apolonia, Mhaya mrefu, mkali, mwenye kicheko cha kuamsha wodi. Alinifundisha kuvipasha vyuma kwa maji ya uvuguvugu baada ya kuchemshwa, maana chuma cha baridi kinamshtua mtu kuliko kinavyomwumiza. Alinifundisha kumwambia mgonjwa akohoe wakati shashi inatoka. Na alinifundisha kutouangalia uso. Alisema wanawake wa nchi hii wamefundishwa kutengeneza uso tangu wadogo, wewe angalia vidole vya miguu. Mtu anasema haumwi, vidole vimejikunja mpaka vimebadilika rangi.

Kuna siku, bado mgeni, nilimwambia bibi mmoja kwamba asiogope, maumivu yake ni kama kung'atwa na siafu tu. Bibi akainua kichwa kitandani, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimewahi kung'atwa na siafu huko. Sista Apolonia alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo sijamwambia mgonjwa maumivu yake yanafanana na nini. Ninamwambia nitafanya nini, na lini nitaacha.

Basi, usingizi. Wako wanaoutaka, na wanaamka wakiuliza mtaanza saa ngapi. Mwimbaji mmoja wa kwaya kutoka Iramba alipewa ile dawa ya nusu usingizi, akaimba wimbo mzima wa Pasaka, kisha akamgombeza mtu wa usingizi kwamba besi imechelewa kuingia. Wako wasioweza kulazwa usingizi, damu imepungua mno au kifua kibovu. Hao tunawapa dawa ya maumivu, tunawashika, tunaongea nao. Na wako ambao dawa ipo, mwili unaruhusu, lakini wao hawataki. Hao ndio mnaowaita wabishi. Nilikuwa nawaita hivyo hata mimi, mpaka alipokuja Mwanaidi.

Mwanaidi alitoka Sepuka. Watu walimwita Mama Shabani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye maneno machache ya kuchagua. Mionzi ya nje alikuwa ameshamaliza, imebaki hii ya ndani, na daktari alisema uvimbe umesinyaa vizuri sana. Akimaliza ya ndani, kulikuwa na kila sababu ya kutumaini. Naomba mlishike hilo. Mwanaidi hakuja kwetu akiwa wa kufa.

Alikuja na mumewe, Baba Shabani, mzee kidogo kuliko yeye, mkulima wa uwele na alizeti, koti lake halivuki mwaka bila kiraka kipya. Nilipomwamkia kwa Kinyaturu alifurahi kama mtu aliyekuta ndugu stendi. Kuanzia hapo nikawa shemeji yake. Walikaa hosteli ya wagonjwa nyuma ya hospitali, na wanaume wengine walipokuwa wakiwaacha wake zao na kurudi mashambani, yeye alibaki.

Daktari akawaita wote wawili akauliza, alale au abaki macho? Baba Shabani akajibu kabla swali halijaisha. Alazwe, asisikie kitu. Alisema kwa huruma, si kwa ubabe. Mwanaidi akatazama chini, akasema sawa. Daktari akaridhika. Mimi nikaangalia miguu yake kwenye ndala, nikaona vidole.

Nikamtoa mumewe kwa kisingizio, nikamtuma akatafute maji ya chupa, nikafunga mlango. Nikamuuliza kwa Kinyaturu anaogopa nini. Halafu akaniambia jambo ambalo mwanamke wa kwetu hawezi kulisema mwanaume akiwepo, hata awe mume wa miaka yote hiyo.

Ninyi mliozaliwa juzi labda hamlijui neno lawalawa. Ulikuwa ugonjwa wa watoto wa kike, muwasho na vidonda sehemu za siri, na bibi zetu waliamini dawa yake ni kukata. Serikali ilipokataza ukeketaji, wakakata kwa siri na kusema wanatibu. Mwanaidi alikuwa msichana mdogo. Alilala kwao vizuri, amefunikwa. Walimbeba usingizini, hakuamka njiani. Alichoamka nacho ni wembe, na wanawake anaowajua kwa majina wamemshika miguu, mmoja wao mama yake.

"Walinichukua nimelala, sista," akasema. "Sitalala tena mahali ambapo watu wananishika miguu."

Nikamwambia dawa hii ni tofauti, hatasikia, hatajua kitu.

"Ndiyo hiyo kutojua ninayoikataa."

Sikumbishia. Mimi ni wa huko huko, msinilazimishe kueleza zaidi. Nilikwenda kwa daktari, nikamwambia mgonjwa amechagua kubaki macho, na sababu anayo. Alikuwa kijana mpole, hakuchimba. Tukampa dawa ya maumivu ya kutosha, nikapasha vyuma, nikamshika mkono.

Watoto wangu, kovu lile lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Daktari alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Mwanaidi hakutoa sauti. Hakuguna, hakukunja uso, machozi yalitiririka kuelekea masikioni huku macho yakitazama dari. Ilipofika wakati wa mashine nikalazimika kutoka, nikamwacha peke yake na vyuma mwilini, nikaketi kwenye kipaza sauti. Nikaongea naye Kinyaturu mfululizo, habari za mvua, za nani kaoa nani Ihanja, upuuzi wowote uliokuja mdomoni, ili chumba kile kisiwe kitupu. Kwenye skrini niliona vidole vyake havijafunguka hata mara moja.

Baadaye daktari akaniita pembeni. Mwili ulijikaza mno, alisema, vyuma havikukaa pale alipotaka. Akirudia hivyo, mionzi itaenda pasipotakiwa, kwenye kibofu na utumbo. Mara ijayo ni usingizi, la sivyo hatafanya. Nilitaka nimkasirikie, nikakosa mahali pa kuanzia, kwa sababu alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata, jioni ya kuamkia siku yake, nikaenda hosteli. Mwanaidi alikuwa anachambua mchicha. Nikaketi, nikachambua naye, nikamweleza yote bila kupunguza. Kwamba bila usingizi hakuna tiba, na bila tiba ugonjwa utarudi. Alichambua fungu zima. Kisha akauliza ni nani watakaokuwa chumbani. Nikawataja kila mmoja kwa jina na kazi yake. Akauliza nani atamshika miguu. Nikamwambia ni mimi peke yangu nitakayeipandisha, na hakuna mwingine atakayeigusa.

"Na nikiamka?"

"Ukiamka utanikuta. Nitakuwa nimekushika mkono, na kitu cha kwanza utakachokiona ni huu uso wangu mbaya."

Akacheka kidogo. Akasema sawa, na safari hii nilitazama miguu yake, ilikuwa imetulia. Mjue hiyo ndiyo kazi yenyewe. Dawa ya usingizi yeyote anaweza kuichoma. Kumfikisha mtu mahali ambapo anaitaka mwenyewe, hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi mimi. Nikamweleza masharti, asile chochote tangu usiku, asubuhi asinywe hata chai. Akayarudia mwenyewe, neno kwa neno. Nilitoka pale nikitembea kama binti.

Asubuhi yake alikuja ameoga, amevaa gauni la hospitali, mtu wa usingizi ameshapanga dawa zake. Siku ya kumpata huyo kwenye chumba chetu ilikuwa moja tu kwa wiki, siku nyingine yuko upasuaji. Akamuuliza swali ambalo huwa linaulizwa kwa desturi tu. Umekula?

Mwanaidi akanitazama mimi. "Nimekunywa uji."

Nikadhani ameogopa, ameamua kuharibu. Nikamvuta pembeni nikamuuliza kwa hasira kwa nini, na akaniambia kwa sauti ndogo sana. Baba Shabani, mwanaume ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika mwiko, aliamka kabla ya watu, akaazima jiko la mkaa, akampikia uji wa uwele kwa unga waliotoka nao nyumbani. Ulikuwa na madonge, sehemu umeungua. Akamletea kwa mikono miwili, akapiga goti moja chini, akamwambia mama Shabani, huwezi kwenda kwenye kazi ngumu hivyo na njaa, kwetu mgonjwa hatoki mlangoni na tumbo tupu. Akakaa pale anamwangalia anywe.

"Ulishindwa kumwambia nimekukataza?"

"Amepika mwenyewe, sista. Ningekataaje?"

Mnajua nini, na mimi nisingekataa. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kupikiwa uji na mumewe akauacha ukapoa. Mtu wa usingizi alieleza kwa utulivu kwamba akimlaza na tumbo hilo, uji unaweza kupanda ukaingia kwenye mapafu, akafia mikononi mwetu. Tumsogeze wiki ijayo. Alikuwa sahihi na yeye. Siku ile kila mtu alikuwa sahihi, na ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaani.

Tukatoka nje. Baba Shabani akasimama kutoka kwenye benchi, akishangaa mbona mapema. Nikafungua mdomo. Mwanaidi akaniwahi.

"Mashine imeharibika," akamwambia. "Wakitengeneza watatuita."

Nikamvuta gauni, nikamnong'oneza amwambie ukweli, akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona kwake kabla. Ilikuwa ni ndoa yake, siyo yangu. Nikasema moyoni jioni zamu ikiisha nitakwenda hosteli nikaongee nao wote wawili taratibu. Nilipokwenda, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mvua zilikuwa zimeanza Singida, shamba linasubiri mbegu, mashine imeharibika, mwanaume mwenye akili akae afanye nini? Walikuwa wameshapanda basi.

Nilipiga simu. Akapokea Baba Shabani, kwa furaha, akaniuliza, "Shemeji, mashine imepona?" Nikamwambia imepona, mlete hata kesho. Akamshukuru Mungu, akasema wakimaliza kupanda tu wanakuja. Nikaomba niongee na mama Shabani. Nikamsihi mpaka nikaishiwa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ule moyo aliukusanya mara moja na hajui tena alikoutoa. Kwamba siku ile angelala. Leo hawezi. Nikapiga tena wiki nyingine, na nyingine. Siku zote wanapanda, wanapalilia, wanakuja. Hawakuja.

Ninyi mnapenda hadithi ambayo mwishoni mtu anajifunza jambo na mgonjwa mwingine anapona. Nilijifunza, ndiyo. Toka hapo sikumwambia mgonjwa peke yake asile. Nilimtafuta anayepika, awe mume, wifi au dada, nikamwambia ana kwa ana, na nikamweleza kwamba kumnyima chakula asubuhi ile ndiyo kumpenda. Nilimtenga kila mwanamke na watu wake kabla ya kumuuliza alale au abaki macho, na sikuuliza "unaogopa?", niliuliza "unaogopa nini?" Yaandikeni hayo, ni ya kweli. Lakini hayanifariji. Somo ni kitu kidogo sana mbele ya mtu.

Nilipostaafu na kurudi huku, nilikaa nikijizuia, kisha nikachukua bodaboda mpaka Sepuka. Nilimkuta Mwanaidi kwenye godoro chini, mkeka umesogezwa mlangoni apate hewa. Ugonjwa ulikuwa umerudi na kila kitu chake, na harufu yake, na maumivu ambayo hata uso wake ulikuwa umeshindwa kuyatengenezea. Zahanati ilikuwa imempa ile dawa ya maji ya maumivu makali. Chupa ilikuwa dirishani, imejaa. Baba Shabani aliniambia hataki kuinywa, kisa inamlaza.

Nikakaa chini kando yake. Nikamuuliza, alale au abaki macho? Kwa Kinyaturu, kama siku ile.

Akaniuliza kama nina haraka ya kurudi mjini. Nikamwambia sina pa kurudi, nimestaafu, mimi sasa ni mtu wa kukaa tu.

"Basi nishike," akasema.

Nikampimia dawa, akanywa, nikamshika mkono. Alilala. Alipoamka alinikuta. Akanitazama, akasema kwa shida kwamba uso wenyewe kweli mbaya, akalala tena. Siku zile zote nililala kwao. Kila alipofumbua macho nilikuwa pale, isipokuwa ile mara ya mwisho, ambayo hakufumbua. Nilikuwa pale hata hivyo. Vidole vya miguu vilikuwa vimefunguka.

Kabla ya hapo, katika kuamka kwake kumoja, aliniambia neno moja tu la maana. Baba Shabani asijue habari ya uji. Nikamwahidi.

Yeye, baba wa watu, alikuwa ameshajifunza kupika. Tangu mkewe aanguke ndiye aliyekuwa jikoni, na uji wake sasa haukuwa na donge hata moja. Baada ya mazishi, watu walipopungua uani, nilikwenda jikoni kumuaga. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, anawapikia waliobaki. Akaniambia shemeji kaa, unywe kwanza, hutatoka hapa na njaa. Nikakaa. Akakoroga kwa muda, amenipa mgongo.

"Ile mashine, shemeji," akasema. "Siku ile. Ilikuwa imeharibika nini?"

Nilitazama mgongo wake, na kiraka kwenye koti.

"Waya," nikamwambia.

"Waya tu?"

"Waya tu, shemeji."

Akatikisa kichwa, akalirudia neno hilo peke yake. Kisha akanimiminia uji kwenye kikombe, akaniletea kwa mikono miwili, akasimama pale ananiangalia ninywe.